Chenji ilikuwa inakwenda wapi? Jibu kuhusu kopo la sarafu za bibi

"Shikamoo mwalimu. Tulipokuwa tunapanga vitu vya marehemu bibi huku Muheza, tulikuta kopo la majani ya chai limejaa sarafu alizoachiwa na mama yake. Ziko kubwa na nzito zilizoandikwa 5 Heller 1909, iko moja ya njano ya 20 Heller 1916 yenye herufi T, kiko kiduara cheupe chepesi kilicholikalika cha 1 cent 1908, na nyingi za 10 cents zenye tundu: mbili nyeupe, zilizobaki rangi ya shaba, na moja ina jina Edwardvs VIII. Mjomba anasema zamani ukienda dukani na rupia uliambiwa chenji hakuna, ukapewa chumvi au kiberiti, na kwamba wazee walidhulumiwa hivyo miaka yote. Mimi sielewi. Serikali inayotengeneza pesa ikose chenji vipi? Si wangetengeneza nyingi zaidi? Na hayo matundu ni ya nini, au ilikuwa dharau tu? Kuna jamaa anataka kununua kopo zima, anadai sarafu za Mjerumani zina zebaki ndani. Tufanyeje?"

Marahaba, mwanangu, na poleni sana kwa msiba.

Nianze na lile la haraka: huyo jamaa msimuuzie chochote kwanza. Zebaki haimo. Zebaki ni kiowevu, haikai ndani ya kipande cha shaba kilichogongwa mhuri. Heller zenu ni shaba iliyochanganywa na bati kidogo, kama vile senti nyingi za Mwingereza zilizokuja baadaye. Maneno ya zebaki kazi yake ni kumfanya mwenye mali aamini kuna siri asiyoijua, akubali bei kabla hajauliza kwingine. Akirudi na habari ya "gharama za kupima" mnazotakiwa kutoa nyinyi kwanza, hapo mjue kabisa mnatapeliwa.

Sasa la mjomba. Anasema kweli. Chenji ilikuwa haba tangu enzi ya Mjerumani hadi ya Mwingereza, na mzigo wake uliwaangukia waliouza na kununua vitu vidogovidogo: kibaba cha mahindi, fungu la chumvi, chupa ya mafuta ya taa. Ila uhaba huo haukuja kwa sababu shaba ilikosekana duniani. Tena si kila mwenye duka aliyesema hana chenji alikuwa mwongo. Uhaba ulizaliwa na namna pesa yenyewe ilivyopangwa: inatengenezwa wapi, inasafirije hadi kijijini, na ikishafika inarudi kwa njia gani.

Unasema serikali ilikuwa inatengeneza pesa. Chukua moja ya zile 5 Heller, iweke chini ya mwanga wa pembeni, utafute herufi ndogo peke yake. Utaona J. Hiyo ni alama ya Hamburg. Heller nyingine zina A, yaani Berlin. Kwenye zile 10 cents za Mwingereza tafuta H au KN, ambazo ni alama za viwanda viwili vya Birmingham. Isiyo na herufi mara nyingi ni ya London. Hapa nchini hapakuwa na kiwanda. Kila senti iliyomkosa mama yake bibi yako dukani ilibidi iagizwe Ulaya kwa barua, ikatengenezwa, ikapakiwa melini, ikashushwa Tanga au Dar es Salaam au Mombasa, ndipo ianze safari ya bara. Hali hiyo haikuwa ya asili ya pwani yetu. Masultani wa Kilwa walikuwa wakitengeneza sarafu zao ndogo za shaba karne nyingi kabla ya hapo, pale pale zilipotumika, na ndiyo maana zinaokotwa kwa wingi Kilwa na Mafia. Sarafu ndogo huzunguka vizuri anayeitengeneza akiwa karibu na soko.

Hiyo safari ya bara ndiyo kiini cha jambo lote, kwa hiyo twende polepole.

Rupia ya Mjerumani, ya madini ya fedha, ilikuwa na uzito wa gramu 11.66. Kuanzia 1904 rupia iligawanywa kwa heller 100, na heller moja ilikuwa na gramu 4. Piga hesabu: rupia moja ya heller ina gramu 400. Kodi ya nyumba ilipoanza kutozwa mwishoni mwa karne ya 19, kiwango cha vijijini kilikuwa rupia 3. Kwa fedha hizo ni gramu 35, zinaingia kiganjani. Kwa heller ni kilo moja na robo kasoro kidogo. Sasa mfikirie mfanyabiashara wa Tabora kabla reli ya kati haijafika kule mwaka 1912. Mzigo wa mpagazi mmoja ni kama kilo 30. Kilo 30 za heller ni rupia 75 tu. Rupia 75 zilezile kwa fedha hazifiki hata kilo moja. Mpagazi anataka ujira na posho kwa kila siku ya njia, awe amebeba heller au vitambaa. Nani mwenye akili ya biashara angempakia heller, wakati mzigo uleule wa vitambaa ungemletea faida?

Kwa hiyo bei ya sarafu ndogo ilipanda kadiri ulivyoondoka pwani. Dukani ukitoa rupia nzima kwa kitu cha heller 30, mwenye duka alitakiwa akurudishie heller 70 ambazo naye alizipata kwa gharama. Wengine walikata kitu kidogo waziwazi. Wengine walitoa chumvi au kiberiti kwa bei ya rejareja, yaani wakapata faida ya pili juu ya ile ya kwanza. Mjomba wako anazungumzia hili la pili.

Upande wa pili wa safari ulikuwa mgumu kuliko wa kwanza. Heller ikishafika kijijini ilikaa. Mama aliyeuza karanga kidogokidogo alipata heller mojamoja, akazitia kwenye chungu au pindo la kanga. Benki hapakuwa na ya kwake. Njia kubwa ya kuirudisha sarafu serikalini ilikuwa kodi, na kodi ilihesabiwa kwa rupia. Karani wa boma anayepokea kodi ya kijiji kizima hakutaka kuhesabu na kulinda magunia ya shaba, na sheria za sarafu kwa kawaida huwekea sarafu ndogo kikomo cha malipo, wakati ile kubwa haina kikomo. Basi msimu wa kodi ukifika, mama yule ilibidi atafute mtu wa kumbadilishia heller zake ziwe rupia. Nani mwenye rupia? Mwenye duka yuleyule. Hapo akakatwa tena.

Tazama ilivyo: mtu akitoka na rupia ya kibarua akataka heller za kununulia chakula, anakatwa. Akiwa na heller za mazao akataka rupia ya kodi, anakatwa. Milango miwili, na kila mmoja una ushuru wake usioandikwa popote. Hii ndiyo dhuluma anayoisema mjomba wako. Mimi naiona kubwa kuliko alivyoieleza, kwa sababu haikuhitaji mtu mbaya ili itokee. Ilitosha kila mmoja afanye lililomfaa.

Kwa haki ya mwenye duka niseme hili pia. Wengi wao walikuwa wadogo, wanadaiwa na wafanyabiashara wa jumla wa pwani, na madeni yao yalihesabiwa kwa rupia. Heller zilizojaa kwenye debe lake hazikumlipia deni Tanga bila yeye naye kugharamia kuzibeba. Lakini alikuwa na nafasi ambayo mkulima hakuwa nayo, nafasi ya kungoja. Mwenye kodi ya kesho hangojei.

Kuna watu huandika kwamba wazee hawakuzipenda sarafu ndogo kwa kuwa hawakuzoea hesabu. Hilo silikubali. Kusini na magharibi ya Nyanza watu walihesabu kauri kwa mamia na maelfu. Pwani walijua riale (sarafu kubwa ya madini ya fedha), rupia, na sarafu ndogo za shaba zilizoitwa pesa, na bei ya pesa kwa riale ilipanda na kushuka mbele ya macho yao. Walichokikataa ni kubadilishiwa vipimo kila mara, na walikuwa na sababu.

Angalia mabadiliko ya 1904. Kabla ya hapo rupia ilikuwa pesa 64, kwa hesabu ya Kihindi. Ikageuzwa kuwa heller 100. Pesa moja basi ni heller moja na nusu na punje. Tuseme fungu la mchicha liliuzwa pesa 1, kwa hiyo rupia ilinunua mafungu 64. Kwa hesabu mpya bei ya haki ni heller moja na nusu. Ipo nusu heller? Ilikuwepo, ikatengenezwa 1904 hadi 1906, basi. Palipokosekana nusu heller, bei ilikuwa heller 1 au heller 2. Ikiwa 2, rupia ileile inanunua mafungu 50. Mafungu 14 yamepotea na hakuna aliyetangaza kupandisha bei. Upande wa Mwingereza jambo lilikuwa lilelile: pice (yaani pesa) 64 za rupia ziligeuzwa senti 100, na nusu senti ikatolewa ili kuziba pengo.

(Lugha yetu ilihifadhi yote mawili. Pesa tulilipata kwa Wahindi, hela kwa Mjerumani. Hata sumni, ambalo wazee walilitumia kwa senti 50, asili yake ni thumni ya Kiarabu, moja ya nane. Moja ya nane ya riale: ukiikadiria riale kwa rupia mbili, thumni yake ni robo rupia, na rupia ilipofanywa sawa na shilingi mbili, robo hiyo ikawa nusu shilingi kamili.)

Turudi kwenye kopo. Zile 5 Heller kubwa za 1908 na 1909 zilikuwa jaribio la kuponya uhaba, nalo lilishindwa. Ipime moja: inakaribia gramu 20. Tano za heller moja ni gramu 20 vilevile. Yaani waliunganisha sarafu tano kuwa moja bila kupunguza uzito hata kidogo, wakati uzito ndio uliokuwa ugonjwa wenyewe. Watu hawakuzipenda, zikaachwa baada ya miaka miwili. Iliyofaa zaidi ilikuwa 10 Heller ya shaba na nikeli yenye tundu, iliyoanza 1908, na mwaka 1913 ikafuata 5 Heller ya namna hiyohiyo.

Kile kiduara chepesi cha 1 cent 1908 kina hadithi ya upande wa Mwingereza. Nacho kilikuwa jaribio la kupunguza uzito, kwa kutumia alumini. Alumini hujikinga kwa utando mwembamba sana unaojitengeneza juu yake, lakini chumvi huutoboa utando huo. Jasho la kiganja lina chumvi, upepo wa bahari una chumvi, na majivu na sabuni huula utando kwa njia nyingine. Katika joto na unyevu wa huku sarafu zilianza kuwa na vidonda vyeupe, ndivyo hivyo unavyoviona kwenye chako. Mara tu baadaye waliiacha alumini, wakahamia shaba na nikeli. Msijaribu kukisugua: kilichobaki ni chembamba kuliko kinavyoonekana.

Matundu sasa. Sidhani yalikuwa dharau. Sarafu yenye tundu inaweza kuwa pana ikashikika vizuri huku ikitumia madini kidogo. Mkono unaitambua gizani au ndani ya pindo bila kuitazama. Na inatungwa kwenye kamba, jambo kubwa kwa watu ambao nguo zao hazikuwa na mifuko. Wala si wazo la wakoloni wetu. Sarafu za Kichina zenye tundu la mraba zimepatikana pwani hii, nazo ni za karne nyingi kabla ya wakoloni. Nchi ya Kongo chini ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji, ilikuwa na senti zake za shaba zenye tundu tangu 1887. Tundu lilikuwa na tokeo moja ambalo pengine hawakulitarajia: sura ya mfalme haikupata pa kukaa. Kwenye senti za tundu liko jina na taji tu, na pembe za ndovu zimezunguka tundu. Ndiyo maana mnayo ya Edward wa 8, aliyetawala chini ya mwaka mmoja tu, 1936, akaacha kiti. Watu wakiisikia hiyo huruka kwa furaha. Zilitolewa kwa mamilioni, kwa hiyo ni nzuri kuwa nayo, lakini si utajiri.

Ninazotaka mzishike kwa makini zaidi kwenye kopo lenu ni zile mbili nyeupe za 10 cents. Ziwekeni mezani kando ya moja ya rangi ya shaba. Zote zimeandikwa 10. Zote zina tundu. Thamani yake haikuwa sawa.

Kabla ya vita vya kwanza rupia ilikuwa imefungwa kwenye shilingi 1 na peni 4 za Kiingereza, rupia 15 kwa pauni. Vita vilipandisha bei ya madini ya fedha duniani, rupia ikapanda nayo, na kuingia mwaka 1920 ilikuwa imepita shilingi 2. Walowezi wa Kenya walilalamika kwa sababu mazao yao waliyauza kwa pauni na madeni yao yalikuwa ya rupia. London ikaamua kuisimamisha kwenye shilingi 2 na kuipa jina jipya, florini. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilikuwa imeundwa Desemba 1919, makao yake London. Kisha 1921 florini nayo ikaonekana haifai, na kuanzia 1 Januari 1922 hesabu ikawa ya shilingi, florini moja kwa shilingi mbili. Majina matatu ndani ya miaka miwili: rupia, florini, shilingi.

Na senti? Senti ya zamani ilikuwa moja ya mia ya rupia, ikawa moja ya mia ya florini. Senti mpya ni moja ya mia ya shilingi. Kwa hiyo senti ya zamani moja ni sawa na senti mpya mbili. Zile za zamani ni nyeupe, za shaba na nikeli. Mpya ni za shaba na bati. Sarafu yenu nyeupe ya 10, ikiwa mwaka wake ni 1920 au kabla, ilistahili senti 20 za rangi ya shaba. Aliyeijua rangi alisalimika. Aliyesoma namba peke yake, au aliyeambiwa na mwenzake mjanja kwamba "kumi ni kumi", alipoteza nusu ya akiba yake kaunta, tena bila makelele. Zipo sarafu za 1920 zilizoandikwa kwa Kiingereza FIFTY CENTS na ONE SHILLING kwenye kipande kimoja, na za 1921 na kuendelea zilizoandikwa FIFTY CENTS na HALF SHILLING. Senti hamsini ni shilingi nzima hapa, na nusu shilingi pale. Hizo angalau ziliandikwa. Senti za tundu hazikuandikwa ni za nani.

Wenye rupia na pauni walipata magazeti, mabenki na wanasheria wa kuwaeleza mabadiliko hayo. Wenye senti waliyajua dukani. Na katika miezi hiyohiyo, kule Kenya, kodi ilikuwa imepandishwa hadi rupia 8, yaani shilingi 16, kabla ya kushushwa hadi 12 mwaka 1922, huku waajiri wakikata mishahara kwa theluthi. Hasira zilizomwinua Harry Thuku, kiongozi wa Waafrika wa Kenya waliopinga kodi na makato hayo, zilikuwa na mizizi mingi, na pesa isiyoeleweka ilikuwa udongo wake mmoja.

Sasa swali lako gumu: si wangetengeneza nyingi zaidi? Ingesaidia kiasi, isingetosha. Chini ya Bodi, sarafu haikutolewa kwa kuwa Muheza pana uhaba. Benki ililipa pauni London, ndipo ikapewa shilingi na senti za thamani hiyo huku. Maana yake pesa iliongezeka pale nchi ilipouza mkonge, pamba na kahawa nje, na ikapungua bei za nje zilipoanguka, hata kama sokoni kwenu mahindi yalikuwa tele na watu walitaka tu kuuziana wao kwa wao. Tena sarafu nyingi zaidi zingezama vijijini kama zilivyozama za kwanza, maana njia ya kurudi ilikuwa ileile nyembamba.

Dawa nyingine zilijaribiwa. Mashamba kadhaa ya Wazungu yalitoa vibati vyao vya kulipia vibarua. Hiyo naiona mbaya kuliko ugonjwa, kwa kuwa kibati hununua kitu kwenye duka la shamba peke yake, na bei ya hapo aliipanga aliyekupa kibati. Noti ndogo zilijaribiwa pia, na hapo ndipo inapoingia ile yenu ya njano.

Mwaka 1915 meli za Mjerumani hazikuweza kuleta sarafu tena. Askari na wapagazi walitakiwa kulipwa, na watu, wakiona vita, walificha fedha na shaba na kutoa karatasi tu. Ndivyo ilivyo siku zote: ukiwa na rupia ya fedha na rupia ya karatasi, na sheria inasema ni sawa, unalipa kwa karatasi na kuzika fedha. Serikali ilichapisha noti za muda hapahapa, za rupia 1 na kuendelea, lakini noti ya rupia 1 haina chenji ndani yake; inaongeza tu idadi ya watu wanaotafuta heller. Basi mwaka 1916, katika karakana ya reli Tabora, wakatengeneza 5 Heller na 20 Heller kwa shaba njano na shaba nyekundu, nyingine kutokana na maganda ya risasi na mizinga, wakaweka herufi T. Za dhahabu za rupia 15, zenye ndovu na milima nyuma, zilitoka kwenye dhahabu ya mgodi wa Sekenke, nazo ni vipande 16,198 tu. Septemba mwaka huo Wabelgiji wakauteka mji. Kwa miezi ile michache, kwa shida ya vita, nchi hii ilikuwa na kiwanda chake cha chenji. Jambo lililosemwa miaka yote haliwezekani liliwezekana kwenye karakana ya reli.

Vita vya pili vilirudia somo hilo: meli zikawa za shida, senti zikaanza kutengenezwa Pretoria na Bombay, zenye herufi SA na I, na Bodi ikatoa noti ya shilingi 1 yenye tarehe 1 Januari 1943.

Dawa ambayo kwa maoni yangu ingepunguza maumivu zaidi kuliko zote haikuhitaji kiwanda: boma kupokea kodi kwa senti na heller bila kikomo na bila kukata, kisha kuzitoa tena kwa mishahara ya vibarua wa barabara wa wilaya ileile. Hapo sarafu ingezunguka bila kupanda meli wala kichwa cha mpagazi. Gharama yake ni makarani wa kuhesabu na sanduku la kufungia.

Kuhusu kopo lenyewe. Msizioshe. Ndimu, majivu, mchanga na steelwool huondoa ule weusi ambao ndio kinga ya sarafu na ndio ushahidi wa umri wake. Iliyong'arishwa hupoteza sehemu kubwa ya bei. Vumbi lipulizeni, basi. Zitoeni kwenye kopo kama lina kutu ndani, kila moja ifungeni kwenye karatasi safi kavu, msitumie plastiki laini inayonata. Kiduara cha alumini kikae mbali na chumvi na majivu. Kisha andikeni orodha: namba, mwaka, herufi ndogo, rangi, uzito. Sonara yeyote mwenye mizani ya sehemu ya kumi ya gramu atawapimia kwa dakika chache, nanyi mkae palepale mkiangalia.

Ile 20 Heller ya T ndiyo inayohitaji jicho la mtu aliyesimama mbele yake. Sarafu za Tabora zilitengenezwa kwa haraka, uzito na unene hutofautiana, kwa hiyo mizani peke yake haiamui, na bandia zipo. Dalili mnazoweza kuziona wenyewe: smaku isiivute, ukingoni usiwepo mshono wa kalibu, usoni yasiwepo matobo madogo kama ya povu. Ikifaulu hayo, ipelekeni makumbusho ya taifa Dar es Salaam, au kwa muuzaji wa sarafu anayekubali kuandika maoni yake kwenye karatasi na kuweka jina. Pateni maoni mawili yasiyotoka kwa mtu anayetaka kununua. Benki msihangaike nazo: tangu 1966 Tanzania, Kenya na Uganda zilipotoa pesa zao, hizi zilianza kuondolewa na leo hazibadilishwi.

Kabla hamjaamua kuuza, kaeni na mjomba siku moja mkiwa na sarafu mezani, mumuulize kila moja waliiitaje, ilinunua nini, na nani alikuwa na duka la karibu. Muandike kwa maneno yake. Zile mbili nyeupe zitieni bahasha yake peke yake, na juu yake mwandike: hizi zilikuwa ishirini.